Jioni Niliyowatembeza Shangazi Zangu

Mimi huwatembeza watu. Kazi niliyoajiriwa kuifanya ni kubeba mizigo ya wageni katika hoteli moja hapa Moshi, lakini jioni, akitokea mgeni aliyeshuka mlimani na malengelenge miguuni na hamu ya kuona mji, huitwa mimi. "Primus, mtembeze huyu." Nami namtembeza kwa miguu kutoka stesheni ya reli hadi mnara wa saa, kisha madukani na sokoni, muda wa saa moja na nusu, nikisimulia njia nzima. Ninayoyajua nayasema. Nisiyoyajua nayasema vilevile, maana mgeni aliyelipia kutembezwa hapendi kunyamaziwa. Kuna mti mmoja karibu na stesheni ambao nimeshawaambia wageni kuwa ulipandwa na gavana, na wengine nikawaambia ni mke wa gavana. Wote waliupiga picha.

Lakini matembezi ninayotaka kuyasimulia hayakuwa ya Mzungu. Yalikuwa ya shangazi zangu wawili, Mektrida na Dominika, mwezi wa tisa mwaka 1975, na aliyeyaagiza alikuwa Mektrida.

Shangazi Mektrida ni mwembamba, mwenye sauti kali na hatua za haraka, na hajawahi kuomba radhi kwa lolote kati ya hayo. Ana kihamba chake cha migomba na kahawa huko Masama, na siku za soko hushuka Kwa Sadala kuuza ndizi. Nilipokuwa darasa la tano hadi la nane niliishi kwake. Sare zangu za shule zilitoka kwenye ndizi zake, na viboko vyangu vilitoka mkononi mwake, vyote kwa wingi. Nampenda, wala sioni sababu ya kulificha hilo, hasa kwa kuwa ndilo lililonifanya nitende ujinga nitakaoueleza.

Babu yangu alikuwa na wake wawili, mmoja Masama juu, mwingine chini karibu na Kwa Sadala. Kila mmoja alimzalia binti, na mabinti hao walizaliwa karibu karibu. Yupi alitangulia? Kila mama alisema ni wake. Babu mwenyewe alikuwa kibarua wa kubeba mawe na chokaa kwa mafundi waliojenga maduka ya Wahindi mjini, na alikuwa akikaa huko miezi. Akiulizwa alicheka na kusema, "Mektrida alizaliwa nikijenga duka lenye jua. Dominika alizaliwa nikijenga duka lenye nguzo mbili." Akiulizwa duka lipi lilitangulia, alisema amebeba mawe ya maduka mengi mno. Nadhani alikumbuka vizuri sana, ila alikuwa na wake wawili wa kuishi nao.

Mambo yaliharibika siku ya kumzika, mwaka 1956. Padri alisema binti mkubwa asogee atie udongo. Wakasogea wote wawili. Walisimama pale kaburini wakitazamana, kila mmoja na udongo mkononi, mpaka padri akaendelea bila wao. Tangu siku ile hawakusalimiana. Kwetu mdogo ndiye humwamkia mkubwa, na katika wawili hao hakuna aliyekuwa mdogo. Walikutana sokoni kila wiki, kila mmoja akatazama ndizi za mwenzake, akapita. Watoto wa Mektrida walifundishwa kumwita Dominika mama mdogo, na watoto wa Dominika walifundishwa kumwita Mektrida mama mdogo. Miaka kumi na tisa hiyo.

Kisha dada yangu Digna akaposwa. Katika ukoo wetu, siku ya kumtoa bibi harusi, shangazi mkubwa ndiye hupokea kata ya kwanza ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mbele ya watu wote. Baba yangu, Filemon, amezaliwa tumbo moja na Dominika, hivyo hakuthubutu kuamua; angeonekana anapendelea. Akatuma ujumbe kwa dada zake wote wawili: "Mpaka Jumamosi niambieni nani mkubwa. Mkishindwa, kata nitampa jirani." Apewe jirani! Nilimjua Mektrida. Angeugua.

Jumatatu yake akatokea hotelini, na kikapu mkononi. Mlinzi akataka kumwelekeza mlango wa nyuma. Akamwambia amekuja kumwajiri mtembezaji, na wateja huingilia mbele.

"Shikamoo shangazi," nikasema.

"Marahaba. Primus, yale maduka mawili ya babu yako yapo bado?"

"Yapo."

"Na zile namba juu yake?"

Namba zipi? Nimepita chini ya maduka yale miaka kumi na moja.

Akaketi juu ya sanduku la mgeni akanieleza. Tangu mwaka uliotangulia alikuwa akienda kisomo cha watu wazima, jioni tatu kwa wiki, katika darasa la watoto, kwenye madawati yanayobana magoti. Kila jioni Mwalimu Eunike aliandika tarehe juu ya ubao. Mektrida aliona mwanzo wa mstari ukibadilika kila siku, lakini tangu Januari mwisho wake, moja tisa saba tano, haukubadilika kamwe. Akauliza kwa nini. Mwalimu akamwambia huo ndio mwaka. "Hapo nikakumbuka," shangazi akasema. "Tangu msichana nimeona namba juu ya yale maduka. Sikujua kuzisoma, nikadhani ni namba za leseni. Lakini nakumbuka zilianza hivyo hivyo, kijiti na kile chenye kichwa. Moja, tisa. Primus, ile ni miaka! Wameandika mwaka waliojenga."

"Basi twende sasa hivi tukaangalie," nikasema.

"Bila Dominika? Hapana. Nikitangulia kuchungulia, nitakuwa kama mtu anayekwenda kuiba. Twende wote watatu, jioni, utusimulie kama unavyowasimulia Wazungu wako. Na usidhani sina wasiwasi. Ila mimi ndiye mkubwa. Najua."

Dominika alikubali, kwa kupitia baba. Jibu lake lilikuwa fupi: "Nitakwenda. Lakini mimi sijui kusoma. Watasoma wanachotaka."

Alhamisi saa kumi jioni wakateremka kwenye basi, mmoja kutoka siti ya mbele kabisa, mwingine kutoka siti ya nyuma kabisa. Dominika ni mnene, mpole wa sura, na mkaidi kupita kiasi. Alivaa kitenge kipya. Tukaanza kutembea, mmoja kulia kwangu, mwingine kushoto. Nikipunguza mwendo, wote wanapunguza. Nilijiona nimebanwa kati ya kuta mbili zinazotembea.

Nikaanzia stesheni, maana ndiyo desturi yangu. Nikasafisha koo. "Stesheni hii ilijengwa na Wajerumani, na reli ikafika hapa kutoka Tanga."

"Nani alibeba mataruma?" Mektrida akauliza.

Hakuna Mzungu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema vibarua.

"Mwambie mwenzako," Dominika akaniambia, akitazama upande mwingine, "mjomba wake mama yangu alibeba. Bega lake moja lilikuwa chini mpaka kufa kwake."

"Mwambie na yeye," Mektrida akasema, "mjomba huyo nilimjua. Alinipa miwa."

Nikafikisha ujumbe pande zote mbili, ingawa walikuwa hawajaachana hata hatua tatu. Nikawaonyesha na mti wa gavana. Mektrida akaniangalia tu, nikaona bora niendelee na safari.

Mawingu yalikuwa yamefunguka, Kibo ikatokea nzima upande wa kaskazini, nyeupe na ya waridi kidogo. Wageni wangu hapo husimama dakika kumi. Shangazi zangu hawakuigeukia. Huo mlima wanauona kila siku wakichuma kahawa. Walikuwa wanatazama paa za maduka.

Duka lenye jua sasa lilikuwa la ushirika, na watu walikuwa kwenye foleni ya sukari. Juu kabisa, chini ya kilele cha ukuta, fundi alichora jua la saruji lenye miali, na chini ya jua palikuwa na tarakimu nne. Mektrida akarudi nyuma mpaka ukingo wa barabara. Midomo yake ikaanza kutikisika kabla ya sauti kutoka. Foleni nzima ikageuka kuangalia tunaangalia nini.

"Moja," akasema. "Tisa. Mbili. Saba." Akavuta pumzi. "Elfu moja mia tisa ishirini na saba. Mimi nimezaliwa mwaka huo. Primus, nina miaka arobaini na minane!"

Alicheka kwa sauti, peke yake, katikati ya barabara. Mtu mzima aliyezaliwa bila siku wala mwaka amepata mwaka. Nilifurahi mno hata nikasahau kilichotuleta. Dominika hakusahau. Alisimama ameshika kitenge chake, akasema, "Twende kwangu."

Duka lenye nguzo mbili lilikuwa mtaa wa pili. Wenyewe waliondoka baada ya majumba kutaifishwa, na jina la mwenye duka lilikuwa limefunikwa kwa chokaa. Mwaka haukufunikwa. Jua la jioni lilikuwa limepiga ukutani, na tarakimu zilikuwa nene, wazi, kila moja na kivuli chake.

Niliona kabla yake. 1926.

Nikamtazama Mektrida. Alikuwa anasoma polepole, kama alivyofundishwa, na kidole chake kilikuwa kinahesabu hewani. Niliona kidole kikisimama. Kisha nikaona uso wake ukianguka, na sikuweza kuuvumilia. Mwanamke yule aliniogesha, alinilisha, aliuza ndizi ili nivae viatu. Alikuwa amejibana kwenye dawati la mtoto mwaka mzima ili aje kusimama hapa. Nikafanya ninalolifanya kila jioni kwa watu nisiowapenda hata nusu yake.

"Elfu moja mia tisa ishirini na nane," nikasema kwa sauti ya kazini. "Ishirini na nane, shangazi. Imekwisha."

Dominika akainamisha kichwa. Hakubisha. Alisema tu kwa sauti ndogo, "Basi."

Angeweza kunyamaza, Mektrida. Asingekuwa amesema uongo wowote. Uongo ulikuwa wangu. Dominika asingejua mpaka siku ya kufa kwake, na Jumamosi kata ingekuwa kwenye mkono anaoutaka. Nilimwona akilifikiria jambo hilo. Sitasema hakulifikiria.

"Primus," akasema, "usinisomee. Mimi si Mzungu."

Nikatamani ardhi inimeze.

"Hiyo si nane. Nane imefunga juu na chini. Hiyo imefunga chini tu. Ni sita." Sauti yake ilikuwa ile ile kali. "Elfu moja mia tisa ishirini na sita. Ishirini na sita inatangulia ishirini na saba."

Akamgeukia Dominika. Kwa mara ya kwanza tangu kaburini walitazamana usoni. Mektrida akapiga goti kidogo, kwa shida, kikapu kikiwa bado mkononi.

"Shikamoo, dada."

Dominika akamshika mkono akamwinua. "Marahaba." Machozi yalikuwa yanamtiririka wala hakuyafuta. "Marahaba, Mektrida. Nimeingoja miaka kumi na tisa. Sasa imefika na sijui niiweke wapi."

"Iweke popote. Nyingine nitakupa kesho."

"Kijana alikwisha sema nane. Ungenyamaza tu."

"Ningenyamaza," Mektrida akasema, "ningekuwa nimesomea nini?"

Mimi nililia pia, waziwazi, mbele ya duka la watu. Nilikuwa na aibu na nilikuwa na furaha, na vyote viwili vilikuwa vingi. Walipomaliza kushikana waliniona, wakanicheka kwa pamoja, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya tangu babu azikwe. Kisha Dominika akataka aonyeshwe hiyo sita. Mektrida akaichora kwa ukucha kwenye kiganja cha dada yake, mara tatu, nne, mpaka Dominika akairudia mwenyewe kwenye kiganja cha mdogo wake bila kukosea. Wakatangulia mbele, wameshikana mikono, wakiongea Kichagga kwa kasi, na kila nyumba yenye namba Mektrida aliisoma kwa sauti. Nikawafuata nyuma. Hawakuhitaji tena mtu wa kuwasimulia.

Jumamosi uwanja wa baba ulijaa watu. Hatukuwa tumemwambia mtu. Baba alisimama na kata imejaa mbege mpaka ukingoni, akawatazama dada zake kwa woga. Majirani walikuwa wameacha hata kutafuna, maana ugomvi ule ulijulikana kuanzia Masama hadi Kwa Sadala. Mektrida akainuka, akaichukua kata kutoka mikononi mwa baba, akavuka uwanja bila kumwaga tone, akampa Dominika kwa mikono miwili.

"Dada mkubwa," akasema, "karibu."

Kisha mzee Athanas, jirani yetu asiyejua kuvumilia swali, akapaza sauti kutoka kwenye benchi, "Nani kawaamua ninyi wawili? Padri? Mahakama?"

"Hakuna mtu aliyetuamua," Mektrida akajibu. "Nimesoma mwenyewe."

Akageuka kurudi kwenye kiti chake, cha pili, na sijawahi kumwona mtu aliyeshindwa akitembea kwa kujidai namna ile.