Golikipa wa Barafu

Mzungu wa kuchimba visima alikuwa na meno ya mbele ya bandia, na kila asubuhi Timiro alipomletea maziwa ya ngamia aliyatoa meno hayo, akayaweka dirishani, ndipo akanywa. Vidole vyake vilipinda, kila kimoja upande wake. Kwao, alisema, alikuwa golikipa wa kulipwa: watu waliteleza juu ya maji yaliyoganda, wamefunga visu viatuni, wakimpigia kwa fimbo kitu cheusi, kigumu kama kwato. Timiro aliitikia tu, asijue kama ni mzaha au ni jua limempanda kichwani. Maji aliyoyajua yeye ni ya mto Tana, na hayo hayakanyagiki.

Siku wanajeshi walipofyatua risasi sokoni wakisaka mashifta, wale waasi wa porini, Timiro alijitupa sakafuni nyumbani kwa yule mzungu, maziwa yakamwagika. Mzungu hakulala chini. Alisimama mlangoni, magoti kayakunja, mikono kaitanua, macho yakifuata kila mlio. Kulipotulia, alikuwa bado vile vile.

“Wallahi, mzee, risasi nayo hudakwa?” Timiro aliuliza.

Mzungu akaitazama mikono yake, akaigeuza, akangoja, kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.