Kofia za Mheshimiwa Maulid

"Nenda mwenyewe huko kiwandani Xintang ukaizuie hiyo picha!" Kazija alimwambia mdogo wake, Maulid. "Mimi ndiye niliyekwambia ucheke mbele ya kamera?"

"Na nani aliyewaambia kiwandani kwamba mimi mtu mkubwa Ulaya? Si mdomo wako, dada?"

Ofisi ya Kazija hapo jengo la Tianxiu, Uchina, anapofungia mizigo ya wafanyabiashara wa Dar na Unguja, ilijaa marobota ya kofia mpaka dirisha limezibwa, na kila kofia ina sura ya Maulid anatabasamu. Sura zote zile zilikuwa zikimkodolea macho yeye.

Maulid aliondoka Unguja na begi moja, akaangukia mji wa Ulaya wenye baridi ambayo mtu akitema mate, yanafika chini yakiwa kokoto. Akaendesha basi. Abiria akipanda, anamsalimia. Asipopanda mtu, anasalimia nguzo za taa. Ndivyo alivyoupata udiwani, na wapo wanaoapa kwamba hata nguzo zilipiga kura. Kiwanda cha nguo cha mji kilipofungwa, wanawake wakabaki bila kazi, yeye akasimama kwenye baraza la madiwani akaapa: nguo ya bei ya kutupa kutoka Uchina haitagusa tena mwili wake. Watu wakalia machozi. Sasa anagombea Bunge la Ulaya, uchaguzi Juni, na kofia za kampeni kamwagiza dada yake kimyakimya.

Kimyakimya, kwa Kazija! Alimnong'oneza laoban Liang, bosi wa kiwanda cha kofia huko Xintang. Na watu wale mgeni mkubwa hawamwachi apite hivihivi: wakatundika langoni kitambaa chekundu chenye jina la Mheshimiwa, wakawapanga washonaji ngazini, Maulid katikati, wakapiga picha. Naye Maulid akiona kamera, meno hutoka yenyewe. Leo ndiyo wamesikia kwamba picha inakuzwa, itundikwe ukutani.

"Nani ataiona huko Xintang?" Kazija aliuliza.

"Yupo Mzungu hotelini kwangu, masharubu mekundu. Mwandishi wa gazeti la kwetu kule Ulaya. Asubuhi kaniita kwa jina, akaniuliza nimekuja kununua nini."

"Ukamwambiaje?"

"Nimekuja kumtazama dada yangu mgonjwa."

Kazija akaikumbuka simu yake. Tangu mchana ilikuwa ikilia. Akiinua, mtu anapumua tu, kisha anakata.

"Funga mlango," alisema, akachukua mkasi. "Tukate lebo hizi za Uchina, tuanze na robota la juu."

Hawajakata hata tano, lifti ikaanza kupanda, inalia kama mbuzi anayeburutwa machinjioni. Ikasimama ghorofa yao. Kandambili za laoban Liang Kazija alizijua. Viatu vizito vilivyofuatana nazo hakuvijua.

"Dada," Maulid alinong'ona, "ukiulizwa, unaumwa nini?"

"Moyo," Kazija akajibu, wala hakuwa anadanganya.

Mlango ukasukumwa. Laoban Liang kalowa mvua, uso umechanua, kakumbatia ile picha ndani ya fremu ya dhahabu pana kama mlango wa msikiti. Upande wa pili wa fremu aliyesaidia kubeba ana masharubu mekundu.

"Rafiki yako!" laoban alimwambia Maulid kwa Kiingereza chake cha sokoni. "Kapotea hapo chini, anakuulizia. Nikamwambia twende pamoja, tukuletee picha yako uione kwanza!"

Mzungu akaiegemeza picha ukutani taratibu, akainua kamera.

"Sikiliza, bwana, hizi kofia—" Maulid alianza, na meno yakatoka yenyewe.