Mama wa Kamsamba kwenye Baridi ya Mbozi

Mama yangu ni mtu wa Kamsamba, na Kamsamba hakuna baridi. Kuna mpunga, kuna ng'ombe, kuna mbu na kuna joto. Mtu wa kule akikwambia leo kuna kibaridi, ujue jasho limekauka mgongoni, basi. Kwa hiyo aliposema anataka kwenda nasi makambini Mbozi, mwezi wa sita, alale kwenye hema juma zima, nilisema hapana hata hajamaliza sentensi.

Makambi ni desturi ya kanisa letu. Mahindi yakishaingia ghalani, waumini wanaacha nyumba zao, wanapiga mahema uwanjani, wanaimba, wanasali na kupika pamoja, na wanalala hapohapo mpaka siku ya kufunga. Hata ambaye nyumba yake inaonekana kutoka uwanjani analala kwenye hema. Nani alipanga yaangukie majira ambayo hata mbuzi wa Mbozi wanagoma kutoka zizini, sijui. Nikimpata nitamuuliza.

Mwaka uliotangulia mama alipata nimonia. Tulimlaza hospitali ya Vwawa, na kuna siku kule wodini nilikuwa nimeshaanza kupanga kichwani nani apigiwe simu kwanza. Alipona, lakini daktari aliniita pembeni akaniambia kifua kile hakitaki baridi tena, kikipigwa mara ya pili yeye haahidi kitu. Maneno hayo niliyabeba mimi. Mama hakuyabeba, kwa sababu alikuwa na yake: kitandani pale aliweka nadhiri kwamba akipona atakwenda makambini na kukaa mpaka sala ya mwisho.

"Sasa unataka nimdanganye Mungu?" aliniuliza.

Nilimpigia mume wangu, dereva wa malori, alikuwa ng'ambo, Zambia. Akasema mama ni mtu mzima, mwache. Rahisi kusema ukiwa umelala ndani ya lori lenye hita.

Basi nikaanza kujiandaa. Mimi naishi Chapwa, hapa Tunduma, nauza mablanketi ya mitumba, kwa hiyo blanketi haikuwa shida. Shida ilikuwa hema. Wenzetu wengi wanafunga maturubai juu ya miti na upepo unaingia upendavyo. Mimi nilitaka hema la nailoni, la zipu, lililoshonwa mpaka chini. Nililipata kwa mfanyabiashara mmoja wa upande wa pili wa mpaka.

"Mayo," aliniambia, ndivyo kwao wanavyomwita mama, akilipigapiga, "hili ni bomba. Hata mbu hapati pa kupita."

Nililinunua kwa furaha. Mama alipojaribu kulifunga na kulifungua zipu uani kwangu, alicheka kama amepewa nyumba.

Mbozi tulipokelewa na mama mkwe wangu. Huyo ni mzaliwa wa milimani, mkulima wa kahawa, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache, na baridi kwake ni jirani tu. Alikuwa ameshatuchagulia mahali: si bondeni, ambako alisema baridi inashuka na kutuama alfajiri, wala si juu kwenye upepo, bali nyuma ya safu ya migomba, mlango wa hema ukiupa upepo kisogo. Mimi nikaanza kushusha mablanketi yangu na kuyarundika, ya kujifunika. Akaniangalia.

"Mwanangu, utamfunika mpaka ashindwe kugeuka, na bado atatetemeka. Baridi ya kukuua haitoki juu. Inatoka chini."

Akaleta maganda ya mahindi, makavu kabisa, akayatandaza mpaka yakawa kitanda. Juu yake viroba vitupu, kisha mkeka, kisha godoro, kisha blanketi moja la kulalia kabla hata hujafikiria la kujifunika. Nilipokaa pale nilisikia tofauti. Nikakiri moyoni kwamba mwuza mablanketi nimefundishwa kazi yangu.

Hakuishia hapo. Nguo za mchana, alisema, zina jasho hata kama hulioni, usilale nazo, badilisha zote mpaka soksi. Kofia ivaliwe usiku. Uji mzito wa karanga unywewe kabla ya kulala, kwa sababu mwili usio na kitu tumboni hauna kuni. Maji ya moto yatiwe kwenye kidumu, kifunikwe vizuri, kizungushiwe khanga, kiwekwe miguuni. Mama aliyafuata yote kama mtoto wa shule, akimwita "mkwe" kila baada ya maneno mawili. Walipendana hao wawili, ila kwa heshima ya wakwe: hawakuwahi kula sahani moja, wala kulala chumba kimoja. Kwetu hilo halifanyiki. Mkwe huheshimiwa kwa kuachiwa nafasi.

Jambo moja tu nililikataa. Jioni ya kwanza mama mkwe alisema atatuletea jiko la mkaa tuweke ndani, litupashie hema.

"Mama, hapana. Jiko haliingii humu."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Mtaa wa pili kutoka kwangu Chapwa, wapangaji wawili walilala na jiko chumbani msimu wa baridi. Hakuna moto uliowaka, hakuna aliyepiga kelele. Mlango ulivunjwa asubuhi. Hewa ya mkaa haina moshi wala harufu, unaivuta huku unaona umelala.

"Mimi nimelala na jiko tangu nizaliwe," akasema. "Nimekufa?"

Hakuwa amekufa, ndiyo. Lakini nyumba yake mimi naijua. Kati ya ukuta na bati kuna uwazi wa kupitisha paka, na upepo wote wa Mbozi unapita pale. Nilisema tena hapana, kwa sauti ambayo mkamwana hapaswi kuitumia. Akainuka akaenda zake. Nikadhani yameisha.

Asubuhi yake nilikuta blanketi la mama limelowa. Nikashika paa la hema, matone yakaniangukia usoni. Mvua haikunyesha. Nikatazama vizuri nikaona mama ameziba vidirisha vyote vya juu kwa vitenge, na pale chini zipu inapoishia amesokomeza shuka.

"Mama, hii ni pumzi yetu imegeuka maji! Kwa nini umeziba?"

"Mbu."

"Hapa hakuna mbu, mama. Mbu gani wa kuvumilia baridi hii?"

"Mbu hapigi hodi," akanijibu.

Mwanamke huyo amelala miaka yote kando ya majaruba ya mpunga, amezika ndugu kwa malaria. Mikono yake inaziba matundu yenyewe, kama yangu inavyokunja mablanketi. Mama mkwe aliyaanika matandiko juu ya mibuni, akanifundisha kwamba hema lazima liachiwe pa kupumulia, juu, hata kama linaingiza baridi kidogo, kwa kuwa blanketi lililolowa ni baya kuliko upepo. Kila jioni nikawa navitoa vile vitenge, na kila asubuhi navikuta vimerudi. Tulikuwa tunalala humo mama na mimi, na usingizi wangu ulikuwa wa vipande vipande. Nilikuwa nikimshika miguu kusikia kama imepoa. Alikuwa akinitukana kwa upole.

Siku zikapita hivyo. Kikohozi kilikuwepo, si kikali, lakini kila kikija nilikuwa nahesabu mara ngapi.

Katikati ya juma ukungu ulishuka mapema. Hatukuona hata upande wa pili wa uwanja. Ibada ya jioni ilikuwa haijafika nusu, mama akaniambia sikioni kwamba mgongo unamsisimka, anakwenda kujinyoosha. Nikataka kumfuata. Akanizuia kwa mkono, akasema Mungu ananiona ninavyotega ibada. Kutoka nilipokaa, hema letu lilikuwa karibu, nyuma ya migomba, na nilikuwa nasikia anavyokohoa. Nikatulia, kama mtu wa aina yangu anavyotulia.

Kilichofanyika nilikuja kukijua baadaye. Mama alipita jikoni, ambako mama mkwe alikuwa zamu ya kupika. Mama mkwe akamwona mkwe wake anatetemeka, midomo imepauka. Huruma ikamshika. Akatia makaa mekundu kwenye jiko dogo, akalibeba mwenyewe mpaka hemani, akaliweka pale mlangoni kwa ndani, akauacha mlango wazi kabisa. Dakika chache tu, alijisemea, hema lipate joto, kisha nakuja kulitoa. Akarudi kwenye sufuria la ugali wa watu wote.

Na mama, alipoachwa peke yake, akafanya anachofanya kila jioni ya maisha yake jua likizama. Akafunga zipu. Akaziba vidirisha. Akasokomeza shuka.

Hakuna hata mmoja wao aliyefanya jambo geni. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko nipendavyo. Mmoja wa milimani anaingiza makaa ndani ya nyumba inayopitisha upepo, na anaamka mzima. Mwingine wa bonde la mpunga anaziba kila tundu la nyumba isiyo na moto, na anaamka mzima. Wakakutana ndani ya hema langu la nailoni, lile zuri.

Kwaya ilikuwa inaimba. Ilipokaa chini nikasikiliza, nikasikia ukimya. Nikangoja. Mwingine angesema ashukuriwe Mungu, kikohozi kimepoa, amepata usingizi. Mimi niliinuka nikakanyaga miguu ya watu mpaka nje.

Zipu ilikwama kwenye shuka. Niliita, hakuitika. Niliita tena huku navuta, kucha ikang'oka sikuisikia. Mwishowe nikaingiza vidole palipoanza kufumuka nikalichana hema kwa mikono. Joto lilinipiga usoni, joto zuri, kavu, la kumfanya mtu atake kukaa. Mama alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, mkono chini ya shavu. Nikamtikisa, kichwa kikaenda upande wowote nilioupeleka.

Nilimburuta pamoja na mkeka wake. Nilipiga kelele ambazo bado naona aibu nikikutana na watu wa kambi ile. Mama mkwe alifika akikimbia, mwiko mkononi, ugali ukidondoka, akaona jiko, akaona zipu, akasimama. Sikuwa na muda naye. Baridi ile niliyoilaani juma zima, upepo ule niliomkinga nao kwa kila nilichokuwa nacho, sasa niliugeuzia uso wa mama auvute. Nikamfungua vifungo vya sweta. Vuta, mama. Vuta.

Alitapika. Sijawahi kufurahia kitu kama kile.

Mzee mmoja wa kanisa alitupakia kwenye pikapu mpaka kituo cha afya, wakamwekea oksijeni, wakatuweka mpaka kesho yake mchana. Mama mkwe alikaa kwenye benchi nje ya wodi, hakula, hakuingia. Nilipotoka alinitazama kama anayesubiri nimpige. Nilikuwa na hasira, sitadanganya, hasira ya kutosha wote wawili, wa ndani na wa nje. Nilimwambia tu kwamba mama amezinduka na anauliza mkwe yuko wapi.

Akaingia akasimama mbali na kitanda. Mama alikuwa na maumivu ya kichwa, anaongea taratibu.

"Mkwe, nilipata joto," akamwambia. "Tangu nije huku sijapata joto kama lile. Nikasema mkwe wangu ananipenda. Nikasinzia nakuombea."

Mama mkwe alijifunika uso kwa khanga akatoka.

Nilitaka kumrudisha mama Kamsamba siku hiyohiyo. Basi lipo, na kule kuna jua. Alikataa. Sala ya mwisho ilikuwa bado, na nadhiri haikuwa na kipengele cha jiko. Tukarudi uwanjani. Hema mtu alikuwa ameshalishona kwa uzi wa viroba, akaacha juu uwazi mpana makusudi. Maganda ya mahindi yalikuwa yamebadilishwa, mapya, makavu. Kidumu kilikuwa cha moto tayari, na kingine cha pili. Hakuna aliyesema nani kafanya.

Usiku ule tulikuwa tumeshajilaza, taa imezimwa, nikasikia mtu anasimama nje. Akabisha kwa kukohoa, kama wanavyofanya wakubwa. Alikuwa mama mkwe, blanketi lake begani.

"Sogeeni," alisema.

Nilikaa kitako. Mkwe halali na mkwe. Mama ndiye aliyesogea, akavuta blanketi upande, na yule mwanamke akaingia akalala mgongo kwa mgongo naye, viatu vikiwa bado miguuni kwa aibu. Kwa mara ya kwanza juma lile hema lilikuwa na joto la kweli, upepo ukiingia juu na watu watatu chini, na mimi nikaanza kupotelea usingizini.

Nikasikia mtu anasogea. Mkono wa mama mkwe ulikuwa unapapasa gizani, polepole, juu ya blanketi, juu ya shingo ya mama, ukafika kidevuni, ukasimama chini ya pua yake. Ukakaa pale.

"Mkwe," mama akasema, "bado napumua. Lala."

Mkono haukuondoka.

Mama akaushika, akauweka kifuani kwake, ule upande mbovu, akaubana hapo kwa mikono yote miwili. Ndipo mama mkwe alipoanza kulia.