Samaki Waliopenda Hita

Kuna watu ambao mikono yao haijui kutulia. Sponji, fundi wa makochi, ni mmoja wao. Akikaribishwa kiti nyumbani kwa mtu, kabla hajamaliza salamu vidole vimeshazama pembeni mwa mto, vinatafuta kona iliyolegea. Wateja humpendea hilo. Mkewe naye alikwisha kulizoea, mpaka alipopasuliwa mgongo, daktari akamwamuru alale ubavu wa kushoto tu hadi atakapomwambia vingine.

Upande huo palikuwa na ukuta mtupu. Mkewe, msusi aliyezoea kushinda amesimama katikati ya vichwa na umbeya sasa alishinda akitazama rangi iliyobabuka. Hakulalamika. Alinyamaza tu, na ukimya huo ndio uliomtia Sponji hofu. Basi akalihamishia chumbani tangi lake la maji ya chumvi, pamoja na samaki wake wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe. Kisha akanunua anemoni, mnyama wa baharini anayefanana na ua lenye vidole laini. Vidole hivyo huchoma samaki wengine, lakini hawa wa chungwa huvizoea na kujilaza humo kama watoto kitandani kwa mama yao. Hilo ndilo alilotaka mkewe alione.

Samaki hawakuwa na habari. Walikuwa wameshaipenda hita, kile kijiti cha kupashia maji joto, wakawa wanajisugua hapo kutwa.

Sponji akaanza ufundi. Akalisogeza jiwe aliloshikilia anemoni karibu na hita. Wapi! Akaligeuza. Wapi! Muuza samaki akamshauri abandike kiooni picha ya samaki wenzao waliokwisha kuingia kwenye anemoni, labda wataiga. Akabandika.

Shemeji yake, dada wa mkewe aliyekuja kuwapikia, akaiona picha ile akashika kiuno.

"Shemeji, hii ni posa au tangazo la nyumba ya kupanga?"

"Cheka tu. Wataingia."

"Waingie vipi, na wewe umo humohumo, mkono mpaka kwapani?"

Kila alipoguswa, anemoni alijikunja akawa kama soksi iliyoloa. Asubuhi moja wakamkuta ameliacha jiwe, anatambaa kiooni kuelekea kwenye pampu ya kuzungushia maji. Pampu ikimnyonya, atasagika, na sumu yake itaua kila kilichomo. Sponji akakunja shati.

"Baba watoto," mkewe akaita kutoka kitandani. "Ziba mdomo wa pampu kwa kipande cha sponji safi. Halafu toa mkono."

"Nimrudishe kidogo tu..."

"Kidogo chako nakijua! Hata mimi umenipangiapangia mito mpaka usingizi umenihama. Mwache atafute mahali pake. Nenda kazini."

Alikwenda, roho juu. Huko karakana akashona mshono ukaenda upogo, akaufumua, akashona tena upogo. Kabla ya chakula cha mchana simu ikalia.

"Shemeji, mmoja kaingia!"

Aliacha kochi limekaa mifupa nje, akafika nyumbani anahema. Anemoni alikuwa amejishika ufani mwa jiwe jingine, kwenye pembe ambayo Sponji asingeichagua hata kwa bahati mbaya, amechanua kikamilifu. Samaki wote wawili walikuwa kwenye hita.

"Mnanifanyia mzaha."

"Haki ya Mungu tena! Alianza na mkia," mkewe akasema, na kicheko kikamtoka, cha kwanza tangu hospitali, kilichokatwa katikati na maumivu kisha kikaendelea. "Akaguswa, akaruka kama kakalia moto. Akarudi. Mwishowe akazama mzimamzima. Mlango ulipolia tu, huyo, hita!"

Sponji akavuta kiti, akasogeza pua kwenye kioo. Samaki wakajificha nyuma ya hita.

"Unaona? Wanakuogopa. Nigeukie mimi."

"Nikugeukie wewe? Sitaona kitu."

"Mimi nitaona."

Akageuka, akalipa tangi mgongo, mikono akaibana katikati ya magoti. Chumba kikatulia. Macho ya mkewe yakahama polepole, yakimpita begani.

"Enhe," akanong'ona. "Mkubwa anatoka. Usigeuke."

"Sigeuki."

"Anamwendea anemoni. Mkia... ngoja. Kaogopa. Anarudi tena."

"Na mdogo?"

"Shh. Mdogo yuko nyuma yake."