Namba Moja kwa Pande Mbili

Mimi ni mtu wa hasira, na kazi ya foni ilinizidishia. Foni ni ile redio ya kupigia kelele: sisi Kisangani tunaita, Yangambi anapokea, anapitisha hadi Barumbu, ambako simu haishiki. Pale katikati, Yangambi, alikaa mzee mmoja tuliyemwita tonton, yaani mjomba, bahili wa maneno sijapata kuona. Ukimsalimia tu, anakukata: "Batri, mutoto yangu, batri!"

Mvua zikianza, paneli yake haipati jua. Ndipo alipotufundisha ujanja. Dawa zote za depo yetu zina namba, bandari za mto pia, nasi tunazijua kwa kichwa. Barumbu akitaka dawa ya tatu, nami nikisema boti itasimama bandari ya nne, tonton hasemi mara mbili. Anajumlisha, anatamka "saba", tunamsikia wote. Kila mmoja anatoa yake, inabaki ya mwenzake.

Asubuhi ile mgonjwa wa Barumbu alikuwa mama yangu mzazi. Homa kali, hajitambui tangu jana yake. Muuguzi alikwisha kumpa tonton namba ya dawa, ilibaki yangu ya bandari. Mwenye boti alisimama mlangoni, ananihimiza.

"Bandari ya nane," nikasema.

"Hapana, mama!" akadakia mwenye boti. "Nane iko na magogo. Ni tisa!"

"Tisa! Tonton, ni tisa!"

Mkwaruzo. Halafu sauti yake, imefifia: "Ishirini na tatu." Foni ikafa.

Jamani! Alisikia nane au tisa? Kama tisa, dawa ni ya kumi na nne. Kama nane, ni ya kumi na tano. Dawa ningepeleka zote mbili, lakini bandari je? Nane iko upande huu wa kisiwa kilicho mbele ya Barumbu, tisa upande wa pili, na mtumbwi wa kupokea utangoja pale tonton alipopasikia.

"Mimi nasimama fasi moja tu," akasema mwenye boti. "Bon, ni wapi?"

Nilimfokea kana kwamba yeye ndiye aliyeleta homa. Niliogopa mpaka namba zikanikimbia kichwani, nikaenda kuzitazama kwenye rafu. Kumi na nne: sindano ya malaria. Kumi na tano: pomadi ya macho.

Nikacheka huku nalia. Pomadi! Mama hawezi hata kuyafumbua hayo macho, nani atamwombea pomadi? Ni sindano. Basi tonton alisikia tisa, na mtumbwi uko tisa.

"Tisa," nikamwambia mwenye boti. "Na ukipita bila kusimama, usirudi Kisangani."

Siku za kungoja sikula vizuri, na kila aliyenisalimia nilimjibu vibaya. Yangambi kimya, mawingu tu. Halafu jua likatoka, foni ikakohoa. Alikuwa tonton. Nikashika kalamu, nikangoja namba.

"Mama amekula," akasema.

Nikaiweka kalamu chini. Yule bahili, na batri yake ndiyo kwanza inaamka, akarudia: "Unasikia, mutoto yangu? Mama amekula. Mama amekula."