Fimbo za Dawati Moja

Wakikata matawi ya mwarobaini kwenye lango ninalolinda hapa Jeddah, harufu yake hunirudisha darasani. Mwalimu wetu wa historia alitwambia askari wa Kirumi akisinzia lindoni, wenzake wa hema moja ndio waliompiga mpaka afe. Siku rafiki yangu aliposinzia, maana alikuwa akimuuguza mama yake, mwalimu akatugawia fimbo za mwarobaini sisi wa dawati lake.

"Haya, Warumi. Atakayempiga polepole atalala yeye."

Wenzangu wawili walimpiga polepole, wakachapwa wao. Mimi nilimpiga kwa nguvu zangu zote.

"Taratibu basi, ndugu yangu," aliniambia.

Mwalimu yule alikuwa mnyama, nitalisema mpaka kaburini. Lakini aliponisifu mbele ya darasa, nilitabasamu.