Jamvi, Bafta na Karafuu Maiti

Walisema sitaweza kumtisha hata kuku. Nimerudi Makorora na stashahada ya fasihi, niliyoisomea ughaibuni huku nikiosha vyombo vya watu, bila mjomba wala mfadhili, na barazani nikapokelewa kwa maneno hayo. Aliyenichoma zaidi ni Shangazi, aliyenilea.

"Siku hadithi yako ikinitia hofu mimi, nitakuita mwalimu. Kabla ya hapo, weye ni mwosha masufuria."

Nilitaka aniite mwalimu kuliko nilivyopata kuitaka ile stashahada.

Fani yangu ni hadithi fupi za kutisha, zile za majumba ya kale, ambamo kila kitu ni ishara ya mauti: saa iliyosimama, theluji, kunguru dirishani. Ya kwanza nilimsomea akiwa anakuna nazi.

"Kunguru ndiye ishara ya kifo?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Huyu huyu anayeniibia sabuni?"

Akaendelea kukuna.

Mwingine angekata tamaa. Mimi nilifikiri, jambo ambalo wengi hawalijaribu. Mauti ya pwani hayaji na theluji. Yanakuja na jamvi nje ya mlango, bafta nyeupe ya sanda na harufu ya karafuu maiti. Nikaandika upya: nyumba inajiandalia msiba kabla mwenyewe hajafa. Nikaamua kuisomea palepale mlangoni petu, na ishara zake zote zionekane.

Shangazi alipokwenda Tongoni kuwaamkia jamaa, nikapita kuazima. Jamvi kwa muuza kahawa. Bafta kwa fundi cherehani. Karafuu maiti kwa bibi jirani, anayeosha maiti za wanawake. Wote walinipa bila kuuliza, wakinitazama kwa upole. Nikajua ni heshima ya msomi.

Nilialika watu kumi baada ya alasiri. Ukaja mtaa mzima. Wanaume waliketi kimya. Wanawake walijifunika kanga, mikononi vifurushi vya sukari na mchele. Nikafungua daftari. Sijasoma hata neno, wakaanza kulia. Nikajisemea, hii ndiyo kazi ya ishara zikipangwa na mtaalamu.

"Jikaze, mwanangu," fundi akaninong'oneza. "Alikuwa mtu wa watu. Tunazika leo au kesho?"

Kabla sijamjibu, bajaji ikasimama. Shangazi akashuka na kikapu cha samaki. Akaliona jamvi mlangoni pake, akaipata ile harufu. Kikapu kikamtoka.

"Jamani! Nani kafa?"

Bibi jirani akamnyooshea kidole yeye mwenyewe, kisha akatimua mbio, ndala moja akaiacha.

Kueleweshana kulichukua muda. Nilitukanwa kwa Kiswahili, nikatukanwa na kwa Kibondei. Shangazi alikuwa ameketi juu ya jamvi, mkono kifuani, bado akihema.

"Basi soma," akasema. "Watu wameshakaa."

Nikasoma mpaka mwisho. Hakuna aliyekohoa.

Kesho yake tuliwarudishia watu vyao, nyumba kwa nyumba, pamoja na sukari na mchele. Shangazi alikuja ili aonekane anatembea. Bafta alimkabidhi fundi mwenyewe.

"Ikunje vizuri. Ni yangu, ila sijaja kuichukua."

Likabaki jamvi la muuza kahawa, zito, naye Shangazi amechoka.

"Mwalimu," akasema bila kunitazama, "shika ncha ile."